Maswali ya Wasomaji: Kifaranga Amelala au Amekufa?

Tangu baridi ianze kushika, barua nyingi za safu hii zimekuja na mzigo unaofanana: kifaranga, simbilisi, kiwavi, na mtoto anayelia. Tumechagua saba. Wanaojibu ni wawili, mmoja wa malezi ya watoto wadogo na mwingine wa mifugo, na wamejibu kwa pamoja, kwa sababu mtoto akiuliza "kwa nini amekufa?" anataka jibu la wote wawili.

Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Alimpenda kifaranga mmoja mwenye doa kichwani, akawa anambeba kutwa ndani ya sweta. Jumamosi tukamkuta amekufa mikononi mwake. Dada yake akamwambia amelala, tukamzika nyuma ya jiko. Jumapili mtoto akamfukua. Jumatatu tena. Sasa usiku hataki kulala, anang'ang'ania taa isizimwe. Nifanyeje? (Mama, Tukuyu)

Pole mama, na mtoto naye umpe pole, maana kwake huo ni msiba kamili. Tuanze na kilichomuua kifaranga, kwa kuwa ndicho atakachokiuliza, na ndicho mnachoweza kukizuia kesho.

Kuku hana kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu ya binadamu. Yeye huvuta hewa kwa kutanua mbavu na kushusha kidari. Ukimzungushia viganja ukakaza, hata kama pua na mdomo viko wazi, hewa haiingii. Kifaranga aliyeanguliwa leo ana uzito wa kama theluthi mbili ya yai alilotokea, gramu 30 hivi kwa kuku wa kienyeji. Mkono wa mtoto wa miaka minne unatosha kabisa kumkata pumzi, na ndani ya sweta, pale anapobanwa na kitambaa huku na kifua huku, ni haraka zaidi. Kwa maneno mengine, alikufa kwa kukumbatiwa.

Mwambie hivyo hivyo. "Ulimshika kwa nguvu, akashindwa kupumua, akafa. Hukujua. Sasa unajua, na mimi nitakufundisha kumshika." Usiseme "umemuua", na pia usimdanganye kwamba alikuwa mgonjwa. Ukimdanganya, wiki ijayo atamweka mwingine ndani ya sweta lile lile.

Sasa hilo la kulala. Dada alikuwa na nia njema, lakini mtoto wa umri huo hupokea maneno kama yalivyo. Kama kifaranga alilala na hakuamka, kwa nini yeye akubali kuzimiwa taa? Na kama amelala tu, kumfukua ni jambo la akili kabisa: amekwenda kumwamsha. Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alichapisha mahojiano aliyofanya na watoto 378 wa Budapest na vitongoji vyake, wenye miaka 3 hadi 10, na wengi wa walio chini ya miaka mitano walikiona kifo kama safari au usingizi, kitu ambacho mtu hurudi kutoka kwake. Mark Speece na Sandor Brent walipokusanya tafiti za aina hiyo mwaka 1984, walikuta kwamba watoto wengi hufahamu kati ya miaka mitano na saba kuwa aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi zote, na kwamba kila kilicho hai kitakufa. Wako ana minne. Hajachelewa.

Kiswahili chetu hapa kina mtego wake. Tumejaliwa maneno mengi ya kulifunika jambo hili: ametutoka, amelala, ametangulia, amepumzika. Kwa mtu mzima ni heshima. Kwa mtoto kila moja ni fumbo, na kila fumbo analifungua kwa kadiri ya akili yake: ametangulia wapi? Atapumzika mpaka saa ngapi? Kwa mnyama, bahati nzuri, hakuna anayeona haya kusema "amekufa". Litumieni neno hilo sasa, mahali lisipomkwaza mtu.

Kulirekebisha, fanya hivi. Mchana, si wakati wa kulala, mkalishe na dada yake awepo. "Tulikosea kusema amelala. Kulala na kufa ni vitu viwili." Kisha mwonyeshe kwa kuku aliye hai. Kuku anayesinzia hufumba jicho kwa kope la chini kupanda juu. Ukimgusa kidogo analifumbua. Kidari chake kinapanda na kushuka. Miguu yake ina joto. Aliyekufa hana hata kimoja: umguse usimguse, kidari kimetulia, na baada ya saa chache anakakamaa. Usiku, lala kando ya mtoto, aweke mkono juu ya tumbo lako ulisikie likipanda na kushuka. "Nikilala, hili linaendelea." Rudia siku tatu nne kwa maneno yale yale. Atauliza swali moja mara kumi na mbili. Si ubishi, ndivyo anavyolimeza.

Kufukua: usimpige wala usimcheke. Mnawishe mikono kwa sabuni, mwambie alichokiona ni mwili unaoanza kugeuka udongo, kisha zikeni upya kwa shimo lenye kina cha goti la mtu mzima, mbali na kisima kwa hatua 40 hivi, jiwe juu ili mbwa wasifukue. Mruhusu aweke ua, aimbe, afanye anavyoona kwenye misiba ya mtaani. Wakubwa husema mzoga, na husema kufukia. Mtoto anasema tumzike. Mwacheni na neno lake.

Mafunzo ya kushika huanza na nyanya mbivu mno. Mtoto akae chini kwenye mkeka, viganja vikiwa wazi kama anayepokea maji, nyanya iwekwe juu. Ikitoka na alama ya kidole, bado hajaiva kwa kifaranga. Akiiva, wewe ndiye unayemweka kifaranga mkononi mwake, mnahesabu hadi 30, mnamrudisha kwa mama yake. Kifaranga akianza kulia kwa sauti ya juu mfululizo, hesabu imeisha hata kama mmefika saba. Hakuna kumbusu, hakuna kumweka kwenye nguo, na sabuni mikononi kabla na baada. Kuku huweza kubeba salmonela bila kuonyesha dalili, na walio chini ya miaka mitano ndio huumwa vibaya.

Tahadhari moja. Yote haya ni ya kifaranga aliyekufa kwa kubanwa. Kuku wakianza kufa wawili watatu kwa siku, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, wanahema kwa shida, fikiria mdondo (kideri) na mtoto asiwaguse kabisa. Mtu mzima ndiye awafukie au awachome, na mpeleke taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu. Ni kinga, si dawa. Ukichanja baada ya ugonjwa kuingia bandani umechelewa.

Watoto wa darasa la awali waliokota viwavi kumi kwenye mahindi ya shule, tukawaweka kwenye kopo moja ili tuwaone wakigeuka vipepeo. Asubuhi walikuwa wawili tu, na vipande. Watoto wamelia, mmoja anasema mwalimu ndiye kawaua. (Mwalimu, Uyole)

Mwalimu, bila shaka mliokota viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini mwaka 2017. Mtazame aliyebaki: usoni ana mistari ya rangi hafifu inayounda herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Hawa hulana. Ndiyo maana kwenye kitovu cha mhindi mmoja mara nyingi humkuti zaidi ya mmoja mkubwa. Waambie watoto ukweli huo, wataupenda kuliko unavyodhani: "Hakuna aliyewaua isipokuwa wenzao, na mimi sikujua kwamba hawa hawawekwi pamoja." Mwalimu kusema "sikujua" hakumpunguzii kitu. Na hata wangesalimika, wasingekuwa vipepeo. Ni nondo wa kijivu wanaoruka usiku, na hujigeuzia chini ya udongo, si kwenye kopo tupu.

Jaribuni tena kwa viwavi wa mlimao au mchungwa. Wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, wakikua wanakuwa kijani, na ukiwagusa wanatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto watacheka. Tumieni ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, lita 5, juu kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira. Tawi la mlimao liingizwe kwenye chupa ndogo ya maji, na mdomo wa chupa uzibwe pamba, maana kiwavi hushuka na shina akazama. Majani mapya kila siku, kinyesi kimwagwe, ndoo ikae kivulini. Kopo la bati dirishani penye jua linachemka. Muwe na vijiti vya kupandia. Kiwavi akijifunga, subirini wiki mbili hadi tatu. Kwenye baridi yenu huenda zikazidi. Kipepeo akitoka ana mabawa yaliyokunjamana na anahitaji kuning'inia saa moja au mbili yanyooke na kukauka. Mtoto akimshika wakati huo, mabawa yanabaki yamepinda na hataruka kamwe.

Wekeni watatu, si mmoja. Nyigu wadogo hutaga ndani ya viwavi, na badala ya kipepeo darasa linaweza kuona wadudu weusi wakitoka. Ni somo pia, lakini ni afadhali liwe limetanguliwa na kipepeo mmoja. Viwavi wenye manyoya wasiguswe kabisa.

Kamwene. Kijana wangu wa miaka sita alikuwa na simbilisi wa rangi ya maziwa na kahawia, anakaa jikoni. Alianza kuchechemea, akaacha kula, leo asubuhi amekufa mtoto akiwa shule. Ndugu yangu anashauri ninunue mwingine wa rangi ile ile kabla hajarudi. Ninunue? Chakula chake kilikuwa pumba na maganda ya viazi. (Baba, Kilolo)

Kamwene baba. Usinunue. Simbilisi ana mlio wake akisikia mfuko wa chakula, ana namna yake ya kukimbilia kona, na aliyemlisha kila siku anavijua hivyo vyote. Mtoto atagundua, labda si leo, na atakalogundua si kwamba simbilisi alikufa bali kwamba nyumba nzima ilinyamaza.

Mfunge kwenye kitambaa, weka kwenye boksi mahali pa ubaridi mpaka mtoto arudi. Avue begi, anywe maji, kisha umwambie kabla hajaenda jikoni mwenyewe. Sentensi mbili zinatosha. Muulize kama anataka kumwona. Akitaka, mfunue kichwa kwanza, asipotaka, msilazimishane.

Dalili ulizotaja zinaelekeza kwenye chakula. Simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Kuku anaweza, sungura anaweza, yeye hawezi. Kwenye pumba haimo, na maganda yaliyochemshwa yameshaipoteza. Ndani ya wiki mbili tatu bila majani mabichi viungo vinavimba, anachechemea, fizi zinavuja damu, anaacha kula. Na simbilisi asipokula siku moja nzima tumbo husimama, hapo kumwokoa ni kazi. Anahitaji kati ya miligramu 10 na 30 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa lugha ya jikoni ni nyasi mbichi zisizokatika siku nzima pamoja na kipande cha hoho au robo ya pera. Nyasi zinahitajika pia kwa meno, ambayo hayaachi kuota mpaka afe.

Jihadharini na viwili vinavyopatikana kirahisi nyanda zetu: majani ya parachichi, ambayo ni sumu kwa simbilisi, sungura, mbuzi na ndege, na majani ya viazi mviringo pamoja na maganda yaliyogeuka kijani. Kwa kuwa mtoto ndiye alikuwa anamlisha, hapa chagua maneno: "Sisi wakubwa hatukujua chakula chake." Mzigo huo si wa miaka sita.

Mwingine anunuliwe mtoto mwenyewe akiomba. Nunueni majike wawili, hawapendi kuishi peke yao. Mkichanganya dume na jike, mimba ni kama siku 68, watoto huzaliwa na manyoya na macho wazi, na mama anaweza kushika nyingine siku hiyo hiyo. Jikoni patajaa.

Mimi ni bibi, nalea mjukuu wa miaka mitano huku Makete. Kila asubuhi ya baridi anakimbia bandani anakuta vifaranga wawili watatu wamebanjuka kama mkate. Mwaka huu amekataa kwenda. Kuku wangu mmoja ana vifaranga 19. Niliwahi kuweka jiko la mkaa, wakafa wengi zaidi. (Bibi, Makete)

Shikamoo bibi. Hesabu ndiyo iliyokushinda. Kuku mmoja wa kienyeji hufunika vizuri vifaranga 10 hadi 12. Kwenye usiku wa sakitu, ile baridi inayogandisha umande, wale saba wa pembeni wanasukumana kuingia chini, na walio chini kabisa wanakanyagwa na kukosa hewa. Baridi inaua, lakini kinachoua zaidi ni kurundikana. Jiko la mkaa kwenye banda lililofungwa hutoa gesi isiyo na harufu wala moshi inayozuia damu kubeba hewa. Iliyowaua vifaranga ingemuua na mtu aliyelala humo. Usilirudishe.

Gawanya. Waache 11 kwa mama, wanane uwalee mwenyewe kwenye bruda, au kinengunengu kama wengine wanavyokiita: boksi au kapu la upana wa mkono mmoja, chini maranda ya mbao unene wa vidole vitatu. Yawe maranda, si vumbi la mbao, kwani vifaranga wa siku za kwanza hulila vumbi likawaziba. Katikati weka dumu gumu la lita 3 lenye maji ya moto, usimimine yakiwa yanatokota, lifunge kwa kitambaa cha sufu. Funika juu kwa blanketi ukiacha nafasi ya ngumi mbili kwa hewa. Maji yabadilishwe unapokwenda kulala na tena saa kumi alfajiri, maana saa inayoua ni ile ya kabla ya kupambazuka. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kama tatu kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wamelundikana wanalia, ni baridi. Wamejitenga na dumu, mabawa wazi, midomo wazi, ni joto. Wametawanyika wanakula, acha hivyo hivyo. Chombo cha maji kijae kokoto. Kifaranga huzama kwenye maji ya kina cha kidole.

Na mjukuu? Mpe kazi ya kusoma hizo dalili. Jioni aje kukuambia: wamelundikana au wametawanyika? Asubuhi, wewe utangulie kufungua mpaka siku mbili tatu zipite bila kifo, kisha umwite. Akiuliza wa zamani walikufaje, mwambie walikosa hewa kwa kubanana wakitafuta joto. Umri wake anaelewa, tena vizuri.

Mwanangu wa kiume ana miaka mitano analilia konokono waliokanyagwa. Babu yake anasema atakuwa laini. (Baba, Mafinga)

Hatalainika. Mtoto anayeona maumivu ya kiumbe mwingine anafanya kazi ambayo wengine hawaianzi mpaka wakiwa wakubwa. Umwogope zaidi yule anayeumiza wanyama kwa siri, kwa makusudi, mara kwa mara, akiwa ameshavuka miaka sita saba. Huyo umpeleke kwa mshauri. Anayekanyaga siafu leo na kulia kesho ni mtoto wa kawaida, anapima nguvu zake. Konokono aliyepasuka ukingo wa nyumba yake huweza kuijenga upya akiwa kivulini penye unyevu na ganda la yai lililosagwa la kulamba. Mpe hiyo kazi. Ila akiokota popo, mbwa au paka mgonjwa, huruma isimame: aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Msisubiri kuona kama mnyama atakufa.

Binti yangu wa miaka sita amempa jogoo jina la Mzee. Jogoo huyo ndiye wa Pasaka na bibi yake anakuja. Nimwambie ameibiwa? (Mama, Mbalizi)

Mama, wezi wa Mbalizi wanatosha, usiwaongezee. Binti atamtafuta Mzee mpaka kwa jirani, kisha atayaona manyoya yake kwenye shimo la taka.

Kama bado hamjaahidi mbele ya ukoo, mbadilisheni jogoo mwingine na jambo liishe. Nyumba inayokula kuku ina haki ya kuwala, lakini si lazima awe yule aliyelishwa mkononi. Toka mwanzo tenganisheni: wa kufuga na wa kula, na mtoto ajue ni yupi ni yupi kabla hajatoa majina. Alama ni uzi wa rangi mguuni, uwe na nafasi ya penseli kupita kati ya uzi na mguu, uangaliwe kila wiki. Mguu unakua, uzi haukui. Wengi wamewakata kuku miguu kwa upendo wa namna hii.

Kama ni Mzee na hakuna njia, mwambie siku mbili au tatu kabla. Wiki tatu kabla ni mateso, baada ya kuchinja ni usaliti. Mwambie nani atachinja, lini, na kwa nini. Achague: kumuaga na kwenda kwa shangazi mpaka mchana, au kubaki ndani. Kisu asikione kwa kushtukizwa. Mezani mwekee maharage na wali bila mjadala, na uwaonye wajomba mapema, maana kila ukoo una mmoja ambaye lazima atasema "mle Mzee wako". Akila, pia msishangilie.

Mtoto wa miaka mitano alimzika kifaranga mwezi uliopita. Sasa babu yake amefariki, anauliza kama tutamweka chini ya jiwe. Aende mazishini? (Mlezi, Njombe)

Aende kama anataka, baada ya kuambiwa atakachokiona: jeneza, watu wengi, wakubwa wakilia kwa sauti, shimo refu, udongo. Apewe mtu mzima mmoja wa kwake, asiye mfiwa wa karibu mno, atakayemshika mkono na kuondoka naye wakati wowote akichoka. Kuhusu mwili, mwambie atakuwa wa baridi, hataongea, hatafumbua macho. Akikataa kuutazama, hapo hapo muishie.

Swali la jiwe ni zuri, lijibuni kwa kweli: ndiyo, au ni saruji, au msalaba, kama mtakavyofanya. Mbele ya watu mtasema "amefariki", lakini yeye mwambieni kwamba kufariki ni kufa, kama alivyokufa kifaranga, isipokuwa babu alikuwa mzee na aliugua sana. Mwelezeni pia kwamba si kila anayeugua, kama mafua, hufa. Mambo ya mbinguni au peponi semeni kama imani yenu ilivyo, ila msiseme "Mungu alimpenda akamchukua", asije akaogopa kupendwa. Mkikuta anacheza msiba na wanasesere, mwacheni acheze. Apotezapo usingizi, hamu ya kula au akianza tena kukojoa kitandani na hali ikavuka mwezi, tafuteni mshauri kupitia hospitali.

Atawauliza pia kama babu anasikia baridi huko chini. Jibu ni kwamba hasikii, mwili wake umeacha kusikia baridi, njaa na maumivu. Atauliza tena Julai, sakitu ikianguka usiku. Jibu ni lile lile.